Msyria Hapangi Foleni kwa Madhehebu

Syria ikitajwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maelezo huwa yameshaiva: Wasuni dhidi ya Waalawi, Wadruzi dhidi ya Mabedui, ugomvi wa tangu enzi za makhalifa. Vijiweni, kuanzia Kariakoo hadi Mwembe Tayari, hadithi hiyo hupokewa bila ubishi maana ni fupi na inampunguzia msikilizaji kazi ya kuuliza swali la pili. Watu wale, husemwa, wamezaliwa kupigana. Ni hadithi mbovu. Haielezi kilichomtoa Msyria wa kawaida barabarani mwaka 2011, na kibaya zaidi, inawasitiri waliomtesa.

Swali la pili na lianzie kwenye dizeli. Mei 2008 serikali ya Bashar al-Assad iliipandisha bei kwa mkupuo mmoja, kutoka lira 7 hadi lira 25 kwa lita. Nchini Syria dizeli si ya malori peke yake. Ndiyo inayowaka ndani ya sobia, jiko la bati linalopasha moto sebule wakati wa baridi, na ndiyo inayovuta maji ya visima kwenye mashamba ya ngano na pamba ya kaskazini mashariki. Bei hiyo ilimkuta mkulima katikati ya ukame ulioanza 2006. Familia kwa maelfu zikafunga virago kutoka Hasaka na Deir ez-Zor, zikaenda kuishi kwenye mahema na vibanda pembezoni mwa Damascus, Homs na Daraa.

Wakati huohuo Rami Makhlouf, mtoto wa mjomba wake rais, alikuwa akivuna fedha za simu za mkononi kupitia kampuni ya Syriatel. Machi 2011 Daraa ilipolipuka, baada ya vijana wa shule kukamatwa na kuteswa kwa sababu ya maandishi ya ukutani ya kuupinga utawala, waandamanaji walichoma ofisi ya chama tawala cha Baath, jengo la mahakama na tawi la Syriatel. Hawakwenda kutafuta nyumba ya Mualawi. Walijua wanachokichoma.

Miaka kumi kabla ya hapo, malalamiko hayohayo yalishatolewa Damascus na watu waliovaa suti. Riad Seif, mbunge na mwenye kiwanda, Msuni, alihoji mikataba ya simu za mkononi. Aref Dalila, mwanauchumi wa chuo kikuu, Mualawi, alikosoa ukiritimba na ufisadi. Wote wawili walikamatwa Septemba 2001. Msuni alihukumiwa miaka mitano, Mualawi akahukumiwa kumi na kuachiwa 2008. Utawala unaoitwa wa Waalawi ulimpa Mualawi adhabu maradufu, na mpenzi wa hadithi ya madhehebu atafute mwenyewe pa kuliweka jambo hilo.

Waliokuwa wakila mezani nao hawakuwa wa dhehebu moja. Mustafa Tlass, Msuni wa Rastan, alikuwa waziri wa ulinzi kuanzia 1972 hadi 2004. Abdul Halim Khaddam, Msuni wa Baniyas, alikuwa makamu wa rais kwa zaidi ya miaka ishirini. Ali Mamlouk, mmoja wa vigogo wa mukhabarat, yaani idara za ujasusi, waliotisha kuliko wote, ni Msuni. Ni kweli kwamba Waalawi walijaa kwenye uongozi wa jeshi na idara za usalama, na hakuna Msyria asiyelijua hilo. Ila milimani juu ya Latakia na Tartus, vijiji vizima vya Waalawi viliishi kwa mshahara mdogo wa askari na wa karani wa serikali, na vita ilipokuja vikapokea majeneza.

Kwa miaka mingi kilichompangia Msyria siku yake ni fungu la mkate. Kabla ya vita liliuzwa lira 15. Kuanzia 2020 mgawo wake uliingizwa kwenye kadi ya kielektroniki: ulifika dirishani, kadi ikasomwa, ukapewa mafungu kulingana na idadi ya watu wa nyumba yako. Dola iliyokuwa lira 47 kabla ya 2011 ilifika kiasi cha lira 15,000 mwaka 2024, na mshahara wa mwalimu ukawa kama dola 20 kwa mwezi. Umeme ulikuja saa mbili hivi kwa siku. Aleppo wakazi walijiunga na jenereta za mtaani na kununua umeme kwa ampea, na mwenye jenereta alitaka kujua una lira ngapi.

Agosti 2023 serikali ilipopandisha tena bei ya mafuta, Sweida, mkoa wa Wadruzi uliokuwa umekaa kando kwa sehemu kubwa ya vita, uliingia barabarani. Watu walianza na gharama za maisha, na haukupita muda wakadai Assad aondoke, dai lilelile la Daraa.

Kuna pia kinywaji ambacho wachambuzi wa studio hawakitaji. Syria ndiyo mteja mkubwa kuliko wote wa nje wa majani ya chai ya mate (yerba mate) kutoka Argentina. Yaliletwa na wahamiaji waliorudi kutoka Amerika Kusini, na leo yananywewa kwa mrija wa chuma Salamiyah kwa Waismailia, Sweida kwa Wadruzi, pwani kwa Waalawi na Yabrud kwa Wasuni. Mate hayajazuia risasi hata moja. Yanaonyesha tu jinsi ramani ya maisha inavyokataa kulala sawasawa juu ya ramani ya madhehebu.

Ramani hiyo ya pili ina mchoraji anayejulikana. Mwaka 1920 Wafaransa waliigawa Syria vipande: dola ya Damascus, ya Aleppo, ya Waalawi, na baadaye kidogo ya Wadruzi. Waliokataa kugawanywa walitoka kila upande. Sheikh Saleh al-Ali, Mualawi, alipigana na Wafaransa milimani. Sultan al-Atrash, Mdruzi, aliongoza uasi mkubwa wa 1925, Damascus ikamuunga mkono na kulipuliwa kwa mizinga. Fares al-Khoury, Mkristo Mprotestanti, akawa waziri mkuu wa nchi yenye Waislamu wengi, tena zaidi ya mara moja.

Mtetezi wa hadithi ya chuki atakumbusha 1860, Wakristo walipochinjwa Damascus kwa maelfu. Ni kweli. Mwaka huohuo Emir Abdelkader, Mualgeria aliyekuwa uhamishoni mjini humo, alificha na kuokoa maelfu ya Wakristo, na miaka 65 baadaye wajukuu wa mji huo walikuwa wakimfuata Mdruzi vitani. Chuki inayowaka mwaka mmoja na kuzimika kwa vizazi viwili inahitaji maelezo ya nani aliiwasha.

Siasa za kanda ndizo zinazoumbua hadithi hii kabisa. Mwaka 1976 Hafez al-Assad, baba yake Bashar, aliingiza jeshi Lebanon kuwaokoa wanamgambo wa Kikristo dhidi ya Wapalestina na washirika wao wa mrengo wa kushoto. Iran ya Kishia ilimpigania mwanawe, huku ikiwafadhili Hamas, ambao ni Wasuni. Baadhi ya tawala za Kisuni za Ghuba zilizowapa waasi silaha na fedha zilibadili msimamo: Falme za Kiarabu zikafungua ubalozi Damascus Desemba 2018, na Mei 2023 Assad akakaribishwa Jeddah kwenye mkutano wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Oman haikukata uhusiano hata siku moja. Julai 2025 Israel ililipua makao ya wizara ya ulinzi katikati ya Damascus, ikidai inawalinda Wadruzi. Kila mmoja alilichukua dhehebu lilipomfaa na kulitupa lilipomchosha.

Hata hivyo, kuna damu, na ni uongo kusema haikumwagwa kwa jina la dhehebu. Mwishoni mwa 2011 mwigizaji Fadwa Suleiman, Mualawi, alisimama Homs mbele ya waandamanaji pamoja na Abdul Baset al-Sarout, golikipa Msuni wa klabu ya al-Karamah. Utawala uliiogopa picha hiyo kuliko bunduki. Ulijibu kwa kuwaachilia wanamgambo wake mitaani, na mapema mwaka huohuo ulikuwa umeshawafungulia wafungwa wa jihadi milango ya gereza la Sednaya. Fadwa alifia Paris 2017. Sarout alizika ndugu zake, maneno yake yakageuka makali, akauawa vitani 2019. Hatua za mabadiliko hayo zina tarehe na zina watu waliozipanga.

Machi 2025, miezi mitatu baada ya Assad kuangushwa, wafuasi wake walivishambulia vikosi vya serikali mpya; wapiganaji wa upande wa serikali hiyo wakamiminika pwani na watu wapatao 1,400 wakauawa, wengi wao raia wa Kialawi, baadhi baada ya kuulizwa dhehebu mlangoni. Hapo ndipo hadithi ya chuki ya kale inapokuwa ya hatari hasa. Kama ni chuki ya miaka elfu, hakuna kamanda wa kushtakiwa. Hali kadhalika maiti 6,786 za mahabusu, zilizohesabiwa na Human Rights Watch kwenye picha alizozitorosha mpiga picha wa kijeshi aliyejulikana kama Caesar. Juu ya maiti hizo kumeandikwa namba ya mahabusu na namba ya tawi la mukhabarat. Tawi lina mkuu, na mkuu ana saini.

Serikali ya Ahmad al-Sharaa, aliyeshika nchi baada ya Assad, nayo isipewe kichaka hicho cha kujifichia. Siku chache baada ya Assad kukimbilia Moscow, Desemba 2024, fungu la mkate lilipanda kutoka lira 400 hadi 4,000. Mwishoni mwa Oktoba 2025 bei ya umeme wa nyumbani, kwa kiwango cha chini kabisa, ilipandishwa kutoka lira 10 hadi 600 kwa uniti, huku kima cha chini cha mshahara kikiwa lira 750,000. Bei hiyo ilikuwa moja Homs, kwenye mtaa wa Zahra wenye Waalawi wengi na mtaa wa Khalidiya wenye Wasuni wengi. Na mwezi huohuo, bunge jipya lilipochaguliwa, wakazi wa Zahra na wa Khalidiya hawakuitwa kupiga kura: kazi hiyo walipewa wajumbe walioteuliwa, na viti 70 kati ya 210 vikaachwa mkononi mwa rais.