Picha za Vidole Hazifundishi Gitaa

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Bagira, kijana akitaka kujifunza gitaa anapewa picha: kidole hiki hapa, kile pale, hii ni do, ile ni fa. Baada ya miezi michache anapiga kanisani, watu wanashangilia. Lakini umuombe aimbe tiersi ya juu ya sauti anayoisikia: kimya! Anajua mahali, hajui umbali.

Wengine wako wanasema kupima umbali wa sauti ni mambo ya Wazungu, eti siye tunapiga kwa roho tu. Uongo huo, tena ni matusi kwa wazee. Mpiga lulanga wa Kabare au Walungu ana kamba moja ndefu iliyopitishwa mara nyingi juu ya ubao uliochimbwa. Hakuna chuma cha kumuonyesha asimame wapi. Anavuta, anasikiliza, analinganisha na uzi wa jirani, anavuta tena. Kazi gani hiyo kama siyo kupima? Na Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini sauti za chini na za juu zilitembea pamoja bila kugongana.

Gitaa lenyewe ni mwalimu. Panda hatua 12, oktavu, 7, kenti, 4, tiersi kubwa, 3, tiersi ndogo. Nyuzi zinaachana kwa hatua 5, ila sol na si zinaachana kwa 4. Hapo ndipo picha inamdanganya mtoto, juu umbo lile lile likivuka sol linatoa umbali mwingine. Na rumba yetu, bila tiersi na siksti za waimbaji na za magitaa, inabaki nini? Mpe mtoto uzi mmoja. Aimbe kwanza, kisha atafute.

Sitetei solfeji ya ubaoni, ile ya kukariri bila kusikia. Gitaa limekata oktavu vipande 12 sawasawa. Lulanga haikuapa kuvifuata. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba lulanga ya babu yake “haiko juste” anyang’anywe gitaa!

Basi wakubwa wa vikundi na makwaya, kabla ya kununua kinanda kingine chenye kibonyezo cha kupandisha sauti, mleteni mpiga lulanga mmoja akae na vijana. Watafute wimbo wake kwenye uzi mmoja wa gitaa. Wakifika mahali ambapo chuma hakipatani na kamba ya mzee, wasiharakishe kusema nani amekosa.