Bastola ya Televisheni na Bunduki ya Kazi

Juma hili tunazungumzia michezo ya zamani ya televisheni, ile ya picha nyeusi na nyeupe, ya makauboi na ya wapelelezi, ambayo watoto wa leo wanaikuta tena katika simu. Wazazi wengi huiruhusu nyumbani kwa kuwa haina maneno machafu. Hilo ni kweli. Lakini mtoto anayelelewa kambini huweza kujifunza humo kwamba kazi ya baba yake au mama yake ni kupiga risasi tu.

Tuchukue mfano wa Gunsmoke. Mchezo huu ulianza redioni huko Marekani mwaka 1952, ukaingia katika televisheni Septemba 1955, ukadumu hadi 1975, jumla ya vipindi 635. James Arness aliigiza Matt Dillon, mlinzi wa sheria katika mji wa Dodge City, jimbo la Kansas. Kwa miaka mingi kipindi kilifunguliwa kwa watu wawili kukabiliana barabarani kwa bastola.

Dodge City ni mji wa kweli. Katika miaka ya 1870 wachungaji walileta huko makundi ya ng'ombe kutoka Texas ili wasafirishwe kwa reli. Wafanyabiashara wa mji, wakitaka amani, walipiga marufuku kubeba silaha na kuweka bango la kutangaza amri hiyo. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji 45 katika miji mitano ya ng'ombe ya Kansas, baina ya 1870 na 1885. Televisheni haikuhitaji muda mrefu kuipita idadi hiyo. Amani ya mji ilitafutwa kwa kuzuia silaha, si kwa wepesi wa kuzichomoa.

Mchezo wa Dragnet wa Jack Webb, uliorushwa kwanza katika televisheni kuanzia 1951 hadi 1959, ulifuata njia nyingine. Sajini Joe Friday wa polisi ya Los Angeles, mwenye beji namba 714, hubisha hodi, huuliza, huandika, kisha huenda nyumba ya pili. Visa vilitokana na majalada ya polisi, na risasi zilikuwa adimu. Webb alipofariki mwaka 1982, polisi wa mji huo waliiondoa namba 714 katika matumizi kwa heshima yake. Hata hivyo, mchezo ulitengenezwa kwa msaada wa polisi wenyewe, na makosa yao hayakuonyeshwa sana.

Basi wazazi, msiizime televisheni; kaeni na watoto mtazame pamoja. Mtu akianguka katika picha, mwulize mtoto: nani atamzika? Nani ataandika taarifa? Nani atajibu mbele ya mahakama? Mweleze kwamba bunduki ya kazi hutolewa ghalani kwa sahihi na kurudishwa kwa sahihi, na kila risasi huhesabiwa.

Siku moja atauliza, "Baba, umeua wangapi?" Usicheke, wala usijigambe mbele ya wageni. Mwambie ni usiku mangapi umelinda lango, na watu wakalala salama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.