Utetezi wa Shogi la Dumu

Hapana kitu kinachodharauliwa upesi kama kitu ambacho kila mtu anacho. Dhahabu ya Geita husifiwa kwa sababu ni wachache wanaoishika. Dumu la plastiki la Sengerema, lililo jirani na dhahabu hiyo, halisifiwi kwa sababu halikosekani nyumbani. Lilikuja likiwa na mafuta ya kula. Mafuta yakaisha, dumu likabaki. Likachotewa maji mpaka mdomo wake ukapasuka. Kisha mwenye nalo, badala ya kulitupa, akalikata ubavu, akalitoboa kwa msumari wa moto, akalining'iniza kando ya keria ya baiskeli ili libebe mihogo, dagaa au daftari za mtoto wa shule. Hapo ndipo dharau inapoanza. Mpita njia hucheka, na mwenye shahada hugeuza uso. Walakini neno linalopasa kusemwa bila kificho ni hili: chombo hicho ni kazi ya ufundi, na nchi inayokidharau hujidharau yenyewe.

Sengerema iko magharibi ya Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda huko hakuwa na budi kungoja kivuko, ama cha Kigongo na Busisi, ama cha Kamanga, au kuzunguka mbali. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na zaidi kidogo, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Hapana mwenye akili atakayelibeza daraja hilo. Lakini daraja huvusha mzigo ziwani tu. Halimfikishi mtu nyumbani kwake. Gunia likishushwa Busisi au mjini Sengerema, bado kuna njia ya miguu kati ya mashamba ya pamba na ya mihogo, na katika njia hiyo lori halipiti. Hupita baiskeli. Basi anayeuliza maendeleo ya nchi yanabebwa na nini, asitazame lori peke yake. Atazame pia kilichofungwa nyuma ya baiskeli.

Huko nyuma ya baiskeli ndiko kwenye elimu ambayo wenye dharau hawaioni. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Uzito huo ukiwekwa juu ya keria, baiskeli huwa kama mtu aliyejitwika mtungi huku analewa: hutaka kuanguka kila inapopinda. Uzito huohuo ukigawanywa sehemu mbili, ukashushwa chini, ubavu huu na ubavu huu, baiskeli hutulia. Ukiwekwa ubavu mmoja tu, itavutwa upande mpaka mkono wa mwendeshaji uchoke. Kanuni hii haikuletwa na kiwanda chochote. Wenye punda wa Lamu waliijua kabla ya baiskeli kuundwa, ndiyo maana walisuka ukili wakashona mfuko mrefu wenye mdomo katikati, wakautandaza mgongoni mwa punda ili mzigo ushuke pande mbili. Mfuko huo waliuita shogi.

Neno hilo linatosha kuwajibu wale wasemao kwamba Kiswahili hakina jina la mifuko miwili ya baiskeli, na kwamba lazima jina likopwe pamoja na mifuko yenyewe. Shogi limo katika kamusi tangu zamani. Limelala humo kama jembe lililosahauliwa darini, na anayelima kwa mikono huku jembe lipo asilaumu ardhi. Fundi wa ziwani aliyekata dumu mbili akazifunga pande mbili za keria amefanya kwa plastiki alilofanya mshonaji wa pwani kwa ukili. Kwa nini kazi iwe moja na majina yawe mawili, moja la kwetu na moja la kuazima? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapinzani wa kwanza wa shogi la dumu ni wale wanaosema kuwa ni alama ya umaskini. Hawa husema kweli nusu, na kweli nusu ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli kwamba mwenye fedha hakati dumu. Lakini umaskini haukati plastiki, wala haupimi kisigino kisigonge chombo wakati wa kukanyaga pedali. Akili ndiyo inayofanya hayo. Umaskini hutoa sababu tu. Kazi hufanywa na mtu. Watu walewale waliotengeneza koroboi kwa kopo na katambuga kwa tairi hawakuwa wakionyesha upungufu wao, bali uwezo wao. Na kama kutumia kilichotumika ni aibu, mbona aibu hiyo haifiki Ulaya? Mjini Zürich, Uswisi, ndugu wawili wa jina la Freitag walianza mwaka 1993 kushona mikoba kwa maturubai makuukuu ya malori, na kwa mikanda ya magari na mipira ya ndani ya baiskeli. Mikoba hiyo huuzwa kwa bei ambayo mkulima wa Sengerema angeona ni bei ya baiskeli nzima, na wanunuzi huivaa kwa fahari. Turubai kuukuu la Zürich likiwa sanaa, dumu kuukuu la Sengerema haliwezi kuwa takataka. Tofauti haimo katika kitu. Imo katika macho ya mtazamaji.

Dumu lenyewe lina ukoo wa kutosha. Umbo lake la mraba lenye mkono juu lilitokana na kopo la chuma ambalo jeshi la Wajerumani lililiunda katika miaka ya 1930 kwa kubebea petroli. Waingereza walipoliona vitani wakaliiga, wakalipa jina la utani walilowaita Wajerumani. Plastiki yake ni ya namna iliyovumbuliwa mwaka 1953 na Karl Ziegler, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Mwitaliano Giulio Natta. Vichwa vikubwa vilisumbuka ili plastiki hiyo iwe nyepesi, isipate kutu, isipenywe na maji. Anayelitupa dumu kwa sababu mdomo wake umepasuka ametupa kazi ya wote hao. Anayelikata akalipa kazi ya pili ameiheshimu, hata kama hajapata kusikia majina yao.

Wapinzani wa pili husema kwamba wakati wa baiskeli umepita, kwa kuwa pikipiki zimejaa. Pikipiki zimejaa, na abiria wengi wamezihamia. Lakini pikipiki haiendi bila petroli, na petroli hainywewi bure. Mama apelekaye nyanya za elfu chache sokoni, akilipa nauli ya kwenda na ya kurudi, huweza kurudi na kikapu kitupu na mkoba mtupu. Baiskeli hula chakula kilekile ambacho mwendeshaji wake angekula hata hivyo. Kwa mzigo mdogo wa njia fupi bado haijapata mshindani, na yafaa ipewe chombo cha kubebea kinacholingana na faida yake.

Wapinzani wa tatu ni wabaya zaidi, kwa sababu huja katika mavazi ya marafiki. Hao ni wenye kusifu kila dumu lililokatwa, wakasema kuwa taka za plastiki zitakwisha kwa mikono ya maskini. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na ilifanya vema. Lakini sheria hiyo iliwahusu wanaotengeneza, wanaoingiza na wanaouza, si watumiaji peke yao. Kumsifu mwenye baiskeli ili mwenye kiwanda asiulizwe kitu ni hila. Mashogi mawili hayawezi kusafisha fukwe za ziwa zima, wala hayakuahidi kufanya hivyo. Debe tupu haliachi kuvuma, na sifa tupu ni debe la namna hiyo.

Tena sifa isiyo na kipimo huua. Sengerema hulima pamba, na pamba hupigwa dawa za wadudu. Chombo kilichowahi kuwa na dawa hizo hakifai kubebea chakula wala maji, hata kikioshwa mara saba. Sumu huingia katika plastiki yenyewe, na jicho haliioni. Chombo hicho huoshwa mara tatu, maji yake yakatumika katika bomba la kupigia dawa, kisha hutobolewa kisitumike tena. Shogi la halali hutoka katika dumu la mafuta ya kula, ambalo aghalabu chini yake lina pembetatu ya mishale yenye tarakimu 2. Fundi asiyejua tofauti hiyo huweza kumwuzia jirani yake ugonjwa kwa bei ndogo.

Kuna na mengine yapasayo kujulikana. Matundu ya msumari wa moto yatobolewe nje penye upepo, maana moshi wa plastiki si wa kuvutwa. Chini ya kila nati kiwekwe kipande cha bati, ili plastiki isipasuke kwa kuvutwa na uzito. Nyuma ya shogi kiwekwe kibao, lisije likasukumwa ndani ya spoki za gurudumu. Sakafu yake itobolewe vitundu vya kutoa maji ya mvua. Ukingo uliokatwa ulainishwe, au uvikwe mpira wa tyubu uliopasuliwa. Na kwa kuwa jua huikausha plastiki mpaka ikavunjika, shogi likaguliwe mara kwa mara, na lililoanza kupauka na kuonyesha nyufa lisipewe mzigo mzito.

Mambo haya ni elimu. Yana sababu na matokeo, yana kanuni na makosa, na makosa yake huumiza watu. Elimu ya namna hii ikiachwa barabarani, kila kijana huanza upya kwa kuanguka. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mwanafunzi na maisha ya kijiji chake. Na mwaka 1975 Tanzania ilianza kuanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden. Vyuo hivyo vipo hata leo. Kama somo la useremala linastahili karakana, somo la shogi la dumu linastahili hata juma moja, na mwalimu wake aweza kuwa fundi baiskeli asiye na cheti.

Mjini Goma, mashariki ya Kongo, watu wamelijengea sanamu chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lichongwalo kwa mkono na kubeba viazi na makaa kutoka milimani. Hawakungoja mgeni awaambie kwamba lina thamani. Sengerema haina haja ya sanamu. Inahitaji dumu lililo safi, kisu kikali, mwalimu asiyeona haya, na jina ambalo Kiswahili kililiweka akiba siku nyingi. Dumu na kudumu ni maneno yaliyokutana kwa sauti tu. Lakini ufundi ukifundishwa hudumu, na usipofundishwa hufa na fundi wake, hata kama plastiki yake itabaki shimoni miaka mia.