Likizo ya Kikundi Yataka Kiongozi

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, katika kambi zetu za jeshi na katika kota za polisi huanza mazungumzo ya namna moja. Jamaa kumi au ishirini wenye likizo za Desemba hukubaliana kuchanga fedha, kukodi basi na kuwapeleka wake na watoto wao Mombasa wakaione bahari. Sisi twalipokea jambo hili kwa furaha. Askari aliyekaa mpakani mwaka mzima, au aliyesimama njiapanda juani na mvuani, na ambaye watoto wake wamemzoea kama mgeni, anastahili siku chache za kula na jamaa yake bila kusikia simu ya kituo. Lakini twaona pia kwamba safari hizi huzaliwa kwa kelele nyingi na kuandaliwa kwa haraka, na kwamba kiongozi wake mara nyingi huchaguliwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ana cheo kikubwa kuliko wenzake. Juu ya jambo hilo twapenda kusema maneno machache leo.

Cheo ni amana ya kazi. Ndani ya basi la likizo hakina nguvu ile ile. Mke wa koplo si koplo. Hakula kiapo, wala hakuna kanuni inayompasa kusimama wima afande apitapo. Mtoto wa miaka sita hajui paredi. Na yule sajini wa polisi aliyelipa mchango sawasawa na luteni wa jeshi ana haki sawasawa ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Kiongozi anayedhani kwamba atawaendesha watu hawa kwa amri ataona siku ya pili kuwa amebaki akijiongoza mwenyewe. Badala ya amri, amebakiwa na mambo mawili mkononi: maandalizi yanayoonekana na hesabu zilizo wazi. Akiwa navyo, watu humsikiliza kwa hiari yao. Akivikosa, hata nyota za mabegani hazitamfaa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa urafiki mwingi wa kambini umevunjika hapo. Kiongozi wa safari asishike fedha. Achaguliwe mtunza fedha mwingine, na kila kinachotolewa kitiwe sahihi na watu wawili. Tungependa kuongeza, ingawa wako watakaocheka, kwamba mke wa askari mwenye duka dogo pale kambini mara nyingi hujua kutunza daftari kuliko mumewe. Basi na afikiriwe. Mchango uanze mapema na ulipwe kidogo kidogo kila mwezi baada ya mshahara. Hatupendi hata kidogo kusikia kwamba askari amekopa katika chama cha akiba na mikopo ili akaogelee wiki moja, kisha alipe deni mwaka mzima huku karo za shule zikimngoja Januari. Fedha za dharura zitengwe mbali na nauli, malazi na chakula, na zisiguswe kwa sababu ya soda wala ya nyama choma. Gari huharibika, mtoto hushikwa na homa usiku, na barua ya msiba hufika bila kubisha hodi.

Hesabu ya siku nayo ifanywe kwa kalamu. Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa barabara, kupitia Nairobi, ni zaidi ya kilometa 1,100. Mwenye likizo ya siku 10 atatumia siku mbili kwenda na mbili kurudi, na yapasa aweke siku moja ya akiba kabla ya kuripoti kazini. Basi zimebaki tano. Siku tano zatosha kabisa, mradi zisipangwe kama kumi.

Ruhusa ndiyo ya kwanza katika makaratasi yote. Kuwa na pasi ya likizo si sawa na kuwa na ruhusa ya kutoka nje ya nchi, na kila mmoja aipate kwa maandishi kutoka kwa mkuu wake kabla hajalipa hata shilingi. Silaha hubaki katika ghala, sare hubaki sandukuni, na hata fulana au kofia yenye madoadoa ya kijeshi isionekane katika mzigo wa mtu yeyote, mtoto asikose kuhesabiwa. Tukivuka mpaka kwa likizo sisi ni raia wa Afrika ya Mashariki kama mwalimu au mchuuzi, na askari wa Kenya atakayetukagua anafanya kazi ambayo sisi wenyewe huifanya kwetu. Tumpe heshima ambayo tungependa kupewa. Si jambo la busara kumwambia mwenzako aliye zamu kwamba wewe pia ni askari kwa matumaini kuwa atafumba jicho.

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa, na pale Busia ofisi za nchi mbili zinafanya kazi mahali pamoja, hata foleni imepungua. Lakini kiongozi akumbuke kwamba watoto hawajafikia umri wa kupewa kadi. Hati zao za kusafiria zitafutwe idara ya uhamiaji wiki nyingi kabla ya safari, wala si asubuhi ya kuondoka. Kadi za watu wazima zisomwe moja moja zisiwe zimepita tarehe. Halafu kuna cheti cha homa ya manjano. Sindano hii hutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechomwa jana hana cheti cha leo. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote ya mwenyewe, na aliyekwisha kuchanjwa zamani akitafute kwenye makaratasi yake kabla ya kwenda kulipa upya. Pwani ina malaria kama kwetu. Vyandarua viulizwe katika nyumba ya kufikia.

Sasa tufike barabarani. Wenye mabasi hupenda kuondoka Kampala jioni ili wafike Nairobi asubuhi, na abiria hupenda kwa kuwa wanaokoa fedha za kulala. Sisi hatuupendi mtindo huo kwa safari yenye watoto. Baada ya mpaka njia hupanda milimani na kuteremka kuelekea Nakuru, na katika mteremko ule wa Salgaa na Migaa watu wengi wamepoteza maisha. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, na watu zaidi ya 30 wakafa, wengi wao wakiwa katika safari za mwisho wa mwaka kama hizi tunazozisema. Kiongozi ahakikishe kuna madereva wawili, kwamba kundi linalala Nakuru au Nairobi, na kwamba dereva hanywi. Dereva akienda mbio, kiongozi amwambie apunguze, na asione haya kwa kuwa abiria wengine wanamshangilia. Kutoka Nairobi wapo watakaopenda kupanda reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Ni safari nzuri, na watoto huiona mbuga ya Tsavo kwa dirishani, ila tiketi za Desemba huisha upesi.

Kuhusu majira, Desemba hadi Machi ni wakati wa upepo wa kaskazi. Bahari hutulia na maji huwa safi. Aprili na Mei ni masika, mvua ni nyingi. Malazi yapo ya kila namna. Kundi la watu thelathini litafanya vizuri kupanga nyumba upande wa Bamburi au Mtwapa na kujipikia, kuliko kutafuta hoteli.

Bahari yataka maneno zaidi. Wengi wetu tumezaliwa mbali na maji ya chumvi, na hata waliokulia kando ya Ziwa Victoria hawajui kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali sana, hata mtu akaweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Mgeni huenda, akaokota makombe, akapiga picha, na asijue kwamba nyuma yake mikondo imekwisha kujaa. Kabla ya mtoto yeyote kugusa maji, kiongozi amwulize mvuvi au mlinzi wa ufuko saa za kujaa na kupwa, kisha azitangaze kila asubuhi. Watoto wawekewe walinzi kwa zamu, watu wazima wawili wawili, wasiokunywa na wasioshika simu. Zamu ndiyo kazi tunayoijua kuliko watu wote. Ni ajabu kwamba twaweza kulinda daraja kwa miezi sita, tukashindwa kulinda watoto wanane kwa saa moja.

Na vyombo vya majini. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua iliyokuwa imebeba watu waliokwenda kustarehe ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Chombo kile hakikuwa na leseni, na kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Mombasa yenyewe inakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, kilipopinduka kivuko cha Mtongwe na kuua watu zaidi ya 270, nacho pia kikiwa kimezidisha abiria. Waliokufa katika misiba hiyo miwili walikuwa watu wa kawaida waliokuwa na haraka au furaha, na kila mmoja alidhani kuwa mwingine amekwisha kuhesabu. Kiongozi wa likizo ndiye wa kuhesabu. Akiona mashua haina jaketi za kuokolea zinazotosha kila mtu pamoja na watoto, aseme kwamba hatupandi, hata kama fedha zimelipwa na wenziwe wanamwita mwoga. Hapo ndipo kundi litajua kama lilichagua mtu au lilichagua cheo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni lugha. Sisi wa majeshi tunajivunia Kiswahili kwa haki, kwa kuwa ndicho kilichotuunganisha kutoka makabila mbalimbali. Lakini yafaa tukubali kwamba Kiswahili chetu kimelelewa katika paredi. Kimejaa njoo, leta, simama, toa kitambulisho. Raia wengi wa Uganda walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na 1980, na mpaka leo wako wazee wanaoshtuka wakikisikia. Pwani ni kinyume chake. Pale ni lugha ya mama na mtoto, ya kuombana radhi na kukaribishana. Mtu huingia dukani kwa salamu, huuliza hali, ndipo huuliza bei. Mzee huamkiwa shikamoo. Ukimwambia mama muuza mahamri "leta tano haraka", utapewa, lakini hutapewa mara ya pili kwa uso ule ule. Kiongozi awafundishe watu wake njiani, basi likiwa linakwenda, maneno ya tafadhali, naomba, samahani, na asante. Watoto watayashika kabla ya baba zao. Vilevile awaambie kwamba katika Mji wa Kale watu ni wa dini na staha, kwamba mavazi ya kuogelea ni ya ufukoni, na kwamba mtu hapigwi picha bila ya kuulizwa. Bandarini na vivukoni kamera zikae mfukoni. Hilo twalielewa bila kufundishwa.

Siku moja katika zile tano itolewe kwa Ngome ya Yesu. Askari yeyote atafaidika nayo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 hata ikaanguka Desemba 1698. Mzingo wa karibu miaka mitatu! Ndani ya kuta zile nene maradhi yaliangamiza walinzi kwa wingi kuliko silaha za adui, na msaada uliokuja kwa bahari ulikuja haba na ukachelewa. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, hadi mwaka 1958, kwa hiyo ndugu zetu wa polisi na magereza nao wana la kutazama. Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Wapeni watoto nafasi ya kupanda juu ya ukuta na kuitazama bahari ambako merikebu zilionekana zikija. Hapo baba anaweza kueleza kazi yake bila kutisha.

Pombe hatukuitaja mapema kwa kuwa kila mtu anaijua. Inatosha kusema kwamba askari akipigana katika baa ya Mtwapa, hataandikwa kwa jina lake. Ataandikwa kwa jina la jeshi au polisi ya nchi yake, na kiongozi wa kundi atakuwa wa kwanza kuitwa.

Kundi likirudi, kabla watu hawajashuka na kutawanyika, mtunza fedha asome daftari kwa sauti, wake na waume wakisikia: kilichokusanywa, kilichotumika, kilichobaki. Kilichobaki kigawanywe pale pale, kila mtu fungu lake, hata kama ni nauli ya bodaboda tu ya kumfikisha kambini.