Vipakatalishi havifundishi peke yake

Mhariri,

Wanaotaka serikali igawe vipakatalishi zaidi shuleni waitazame Peru kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, katika shule 319 za msingi vijijini, ulionyesha kuwa vifaa viliongezeka mno ilhali alama za hisabati na lugha hazikupanda. Kwetu Kenya, ahadi ya 2013 ya vipakatalishi iliishia kuwa vishikwambi (tulibadilisha kifaa, si swali): mwalimu atakitumiaje katika somo la dakika 30? Nitaambiwa mtoto huzoea teknolojia mapema. Ni kweli, na hata Peru zilionekana dalili za kunoa fikra. Lakini kuzoea kubofya si kujua kugawanya. Fedha zitangulie kwenye mafunzo ya walimu, kisha vifaa vipelekwe walipo walimu walio tayari.

Msomaji, Nakuru