Xala: filamu inachekesha, kitabu kinauma

UVIRA, Kivu ya Kusini. – Kuna usemi unaozunguka siku nyingi: ukiisha kuona filamu, kitabu cha nini tena? Kwa Xala ya Msenegali Ousmane Sembène, usemi huo ni uongo, na wanaoulipia ni wanawake.

Kitabu kilitoka mwaka 1973, filamu 1975, vyote viwili kazi ya mtu mmoja. El Hadji Abdou Kader Bèye, mfanyabiashara wa Dakar, anaoa bibi wa tatu. Usiku wa arusi, nguvu za kiume zinamkatalia. Anazunguka kwa waganga, biashara inaanguka, mwisho ombaomba wanaingia nyumbani kwake na kumtemea mate.

Filamu inafunguka kwenye chemba ya biashara: Wazungu wanafukuzwa, kisha wanarudi na mikoba ya pesa. Hapo Sembène alipiga penyewe, hata serikali ya Senegal ikakata vipande kabla ya kuiachilia. Lakini makali yote yanawalenga wakubwa wa pesa. Mtazamaji anamcheka bwana aliyeishiwa nguvu. Bibi wa kwanza, Adja Awa Astou, anabaki pembeni, kimya.

Kitabuni mama huyo ana historia. Alizaliwa Gorée katika familia ya Kikatoliki. Aliacha dini yake kwa ajili ya bwana, akatengana na baba yake mzazi. Malipo yake? Kuletewa wa pili, kisha wa tatu. Msomaji akifika hapo, kicheko kinakauka.

Jambo hili si la Dakar peke yake. Toka Kavimvira mpaka Kalundu, nani hajui «biro ya pili»? Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, haikubali mume mmoja awe na bibi wawili. Mali itolewe, ngoma ipigwe mpaka asubuhi, bibi wa pili haandikwi etasivili. Bwana akifa, watoto aliowatambua ni warithi. Mama yao si mjane mbele ya tribinali. Jamaa za marehemu wanaweza kumtoa na masufuria yake tu.

Watetezi wa filamu watasema wengi hawasomi Kifaransa. Ni kweli. Sembène mwenyewe aliingia kwenye sinema kwa sababu hiyo, na filamu yake inasema Kiwolofu pamoja na Kifaransa. Basi dawa iko wazi: walimu wa sekondari wa Uvira, Sange na Baraka wasome kitabu na kukisimulia kwa Kiswahili, redio za jamii zifanye vile vile. Filamu ionyeshwe, ndiyo, lakini ikiisha, vijana waulizwe swali moja: katika nyumba hii, nani amelipa deni la El Hadji?

Wasichana watajibu haraka. Wavulana ndio wanaohitaji kitabu zaidi.