Mshubiri Ukipigwa na Baridi Usiutupe, na Kisu Usikikimbilie



Leo nataka kuutetea mshubiri, au alovera kama wengi mnavyouita. Nasema hasa na mabiharusi wetu walioolewa Uingereza, Uholanzi, Kanada na kwengine kwenye baridi kali. Wateja wangu wengi wa nguo za harusi wameishia huko, na ikifika Januari maswali yao yanahamia kwenye mimea ya dirishani. Mshubiri uliokuwa umesimama imara umelala chini kama mchicha uliochemshwa, na mwenyewe anauliza kama autupe.

Maoni yangu ni kwamba asiutupe. Na asiukimbilie kuukata siku hiyo hiyo. Dada yangu anaishi Leicester, nimekaa kwake majira mawili ya baridi, na nilichokiona ni hiki: baridi huujeruhi mshubiri usiku mmoja, lakini kinachoumaliza mara nyingi ni huruma yetu ya siku zinazofuata. Tunaumwagia maji, tunausogeza karibu na hita, tunautia mbolea, tunaukata ovyo. Mgonjwa gani atapona hivyo?

Kwanza tuelewe kilichotokea. Jani la mshubiri ni tangi la maji. Joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, maji yaliyomo ndani yake huganda, barafu ikatanuka na kupasua vijumba vidogo vinavyoyashika maji hayo. Chukua nyanya uitie kwenye friza usiku mmoja, asubuhi uitoe. Itakuwa maji matupu ndani ya ganda. Jani nalo huwa hivyo hivyo: linalegea, linapitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta, halafu linageuka kahawia au jeusi. Sehemu hiyo haitarudi kuwa kijani, hata ukifanya nini. Na si lazima igande ndipo udhurike. Asili ya mshubiri ni Bara Arabu, kwenye jua na mawe, kwa hiyo chini ya nyuzi 5 tayari unateseka.

Lakini uhai wa mshubiri hauko kwenye ncha za majani. Uko katikati, pale majani machanga yanapochomoza, na chini kwenye mizizi. Bonyeza pale katikati kwa kidole. Pakiwa pagumu na pana ukijani, mmea wako una matumaini makubwa.

Sasa kwa nini nasema usikimbilie kisu? Kwa sababu siku za mwanzo mpaka baina ya kilichokufa na kilicho hai hauonekani. Leo utaona doa, keshokutwa nusu ya jani. Sisi mafundi wa nguo tunajua kuwa kitambaa kikishapita mkasi hakirudi, ndiyo maana tunachora chaki kwanza. Uache mmea ujichoree chaki yake. Uweke kwenye chumba chenye mwanga na joto la zaidi ya nyuzi 10, mbali na hita, usiupe tone la maji, na usubiri kama siku saba hadi kumi.

Kuna jambo moja tu lisilosubiri. Jani likiwa limelainika, linatoa maji na kunuka, hilo likate leo, kwa sababu uozo hushuka mpaka kwenye moyo wa mmea. Lakini jani lililokauka ncha likawa kama karatasi, liache mpaka baridi iishe. Halipendezi, najua, ila haliozeshi kitu, na linawakinga wenzake walio nyuma yake.

Siku ya kukata ikifika, tumia kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, na ukifute tena kila unapohama jani. Kata chini ya mstari wa uharibifu, kiasi cha upana wa kidole, ndani ya nyama safi. Ukiona rangi ya kahawia ndani, shuka tena kidogo. Jani lililolainika lote liondoe mpaka shinani. Kisha acha vidonda vikauke siku mbili tatu bila kuvigusa. Wako wanaovinyunyizia unga wa mdalasini, na sisi kwetu mdalasini haukosekani, ila msiutegemee sana. Kinachofunga kidonda cha mshubiri ni ukavu.

Kama uozo umefika kwenye shina, ung'oe mmea, kata mizizi yote iliyolainika, na ulaze shina kivulini hadi wiki nzima mpaka pale ulipokata pakauke ngozi. Ndipo uupande kwenye udongo mkavu. Na kama moyo wenyewe umeoza, tafuta watoto pembeni mwa shina. Mtoto mmoja mzima anatosha kuanza upya. Msijisumbue kuchomeka jani la mshubiri kwenye glasi ya maji: kwa kawaida halitoi mizizi, litaoza tu.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kujizuia. Maji ya kwanza yawe baada ya wiki mbili hivi, tena kidogo, na udongo uwe umekauka mpaka chini. Majira ya baridi mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha. Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga mkubwa nusu kwa nusu. Mbolea isubiri mpaka uone jani jipya. Jua nalo ulipe polepole, maana mmea uliotoka kuugua ukitolewa ghafla kwenye jua kali unaungua.

Na pazia, dada zangu! Nashona mapazia, kwa hiyo hapa niacheni niseme. Ukifunga pazia zito usiku na mshubiri ukabaki baina ya pazia na kioo, umeunyima joto la chumba na kuuacha na baridi ya dirisha peke yake. Kila Magharibi, kabla ya kufunga pazia, uvute mmea ndani. Hilo tu lingeokoa mishubiri mingi.

Mwengine ataniambia, "Mshubiri mpya ni pauni chache, ya nini tabu yote hii?" Ni kweli ni rahisi. Lakini ukinunua mwengine ukauweka kwenye dirisha lile lile, nyuma ya pazia lile lile, Januari ijayo utanunua wa tatu. Huo ndio israfu. Anayeuokoa mmoja amejifunza nyumba yake, wapi kuna baridi na wapi kuna mwanga, na mshubiri ukitulia huzaa watoto wa kumgawia jirani. Kwa mgeni wa mji, mtoto wa mshubiri mkononi ni sababu nzuri ya kubisha hodi.

Wala msifikirie kubeba mche kutoka nyumbani kwenye sanduku. Uingereza haipokei mmea wa kupanda bila cheti cha afya ya mimea, utanyang'anywa uwanja wa ndege. Nunueni huko huko.

La mwisho ni la afya. Majani yaliyogandishwa msiyapake usoni. Na ule utomvu wa manjano unaotoka ukikata, ambao ndio shubiri yenyewe, unaharisha. Usinywewe, na mwenye mimba auepuke kabisa, hata bibi akisema zamani walikunywa.

Subira huvuta heri. Mshubiri uliokatwa vizuri hukaa wiki nyingi kama umesinzia, na mtu akadhani umekufa. Uacheni usinzie. Siku zikirefuka, jani dogo la kijani litachomoza pale katikati, inshaAllah.